Kura Zote Sita

Ellery Falls, New York
22 Januari 1988

Baba mpendwa,

Pole na sikio. Juzi nilipokupigia simu nilikuuliza kama umesikia habari za kura, ukanijibu bei ya machungwa huko Florida. Basi nimeamua kuandika, angalau kalamu huwezi kuisingizia kwamba inanong'ona.

Kura za makocha zimetoka. Unajua mambo ya Ligi ya Mabonde: vyuo saba, kila kocha anawapanga wenzake kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ila haruhusiwi kujiwekea kura mwenyewe. Sisi Ellery tumepewa nafasi ya kwanza na wote sita. Wote, Baba! Hata Gorman wa Stanhope, yule aliyekataa kunipa mkono nilipokuwa msaidizi. Gazeti la Jumapili linasema ligi yetu haijawahi kuwa kali kama mwaka huu, kwamba timu nne zinaweza kufika mashindano ya taifa ya lakrosi, na ya mbele kati yazo ni ya mwanao, katika mwaka wake wa kwanza wa ukocha. Nimelisoma mara tano.

Mchezaji wa kutazamwa kuliko wote wamemtaja Ansel Printup, mshambuliaji wangu, kijana wa Kituscarora, wenyeji wa asili ambao mchezo huu ni wao, kutoka kule karibu na Lewiston. Ungempenda. Mpira ukishaingia kwenye wavu wa fimbo yake, mabeki humwendea wawili wawili na bado huteleza katikati yao kama samaki. Na mdomo anao. Jana kaniambia, "Kocha, ukitabasamu leo theluji itayeyuka, jaribu basi." Vijana wakaanguka kwa kicheko.

Tunafanyia mazoezi uwanja wa chini, kando ya mto, maana ule wa juu unachimbwa mifereji. Baridi kali, lakini tunapiga theluji koleo tunaendelea.

Kitu kimoja cha kuchekesha. Nina wachezaji thelathini na wanane. Nikiwaambia wajipange wawili wawili kurushiana mpira, zinapaswa kuwa jozi kumi na tisa. Wiki hii mara tatu amebaki mmoja kule mwisho wa uwanja, amesimama peke yake anangoja mwenzake. Nikienda kumpangia, nakuta kila mtu ana wake. Kwa zile kofia ngumu zenye waya usoni wote wanafanana, na theluji inapeperuka, kwa hiyo najiambia ni uchovu.

Niambie, mwaka 1959, ulipokuwa kocha hapa mkapewa kura zote kama sisi, uliwatulizaje vijana wako?

Mwanao,
Russell


Punta Gorda, Florida
28 Januari 1988

Mwanangu Russell,

Barua yako nimeisoma kwa sauti na nimesikia kila neno. Inaelekea tatizo la simu ni wewe, si sikio langu.

Hongera. Sasa nisikilize. Gorman hakukupa nafasi ya kwanza kwa mapenzi. Amekuvalisha koti zito ili ukimbie nalo. Gazeti usilibandike ukutani. Wape vijana mayai asubuhi na uji mzito, wafanyishe kazi, na mtu akikuuliza kuhusu kura mwambie hujui kusoma.

Huyo Printup usimchekee sana. Mchezaji mzuri akijua anapendwa hulala.

Uwanja wa chini uachane nao. Una unyevunyevu, unaharibu magoti. Ingieni kwenye ukumbi mpaka ule wa juu uwe tayari. Hilo lifanye wiki hii, usingoje.

Na usiwahesabu wakiwa uwanjani. Wahesabu mlangoni wanapotoka kuvaa. Ukishawahesabu mlangoni, basi, yatosha.

Umeuliza habari za '59. Tulishinda ligi. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za chuo.

Hapa jua ni kali na majirani ni wazee mno. Mmoja ana sabini na mbili, ananizidi mwaka mzima.

Baba yako,
Merle Haverty


Ellery Falls
4 Februari 1988

Baba mpendwa,

Ukumbi wamepewa watu wa mpira wa kikapu, kwa hiyo tuko kulekule chini.

Nimefuata shauri lako. Mlangoni nimehesabu thelathini na wanane. Nikashuka nao hadi uwanjani, nikahesabu tena ingawa ulinikataza. Thelathini na tisa. Msaidizi wangu naye kahesabu, akapata thelathini na tisa, akanitazama, kisha akasema ana kazi ofisini.

Sasa namtambua. Jezi yake nyeupe haina namba. Halegei wala hakimbii ovyo, anajua mchezo, anakwenda mahali ambapo mshambuliaji mzuri angekwenda. Ila hakuna anayempa mpira. Wenzake wanampita kama vile mtu anavyolipita shimo analolijua, hawagongani naye wala hawamtaji. Na kila mara yuko karibu na Ansel.

Ansel ndiye pekee aliyesema kitu. Jumanne alikuja kunywa maji, akaniuliza, "Kocha, nani yule wa fimbo ya mbao?"

Nikamwambia, "Siku hizi nani ana fimbo ya mbao? Zote za plastiki."

"Mimi nakwambia ni hikori. Mjomba wangu anazichonga pale nyumbani, nimelala na kuamka na mlio wake tangu nanyonya. Mpira ukigonga mbao unasema tok. Ukigonga plastiki unasema tak. Yule anasema tok." Akacheka. "Mwambie anipe pasi, basi. Ananiganda tu kama mkwe."

Nami nilicheka. Dakika kumi baadaye nilimwona yule amesimama mbele yake, wakati mazoezi yamesimama na kila mtu anavuta pumzi. Alivua glovu moja na kuuweka mkono wake juu ya kifua cha Ansel, taratibu, kama unavyogusa jiko kujua kama bado lina moto. Ansel hakushtuka. Alijikuna tu mahali pale.

Siku hiyohiyo Ansel alikatika pumzi kwenye mbio za mwisho, akaegemea goli. Nilimpeleka kwa daktari wa chuo. Akampima kwa dakika tatu akasema kijana ana moyo wa farasi, shida ni donati anazokula. Mkuu wa Chuo kapiga simu mara mbili kuniuliza kama "yule wetu" yuko salama kwa mechi ya kwanza, maana wageni wa heshima wameshaalikwa.

Nilikwenda kwenye korido ya makombe kuitafuta picha ya timu yako ya '59. Haipo. Pana msumari, na pembe nne za rangi iliyopauka ukutani. Mzee Dufresne, yule mtunza viwanja, yupo bado. Anasema picha uliichukua mwenyewe siku ulipostaafu. Anasema pia mwaka ule alifariki mchezaji, palepale chini, na kwamba tangu siku hiyo hadi unastaafu, miaka ishirini na mitano, hukukanyaga tena ule uwanja.

Hilo hukuwahi kuniambia, Baba. Mimi nilikuwa na miaka minne. Kwa nini uliichukua picha?

Russell


Punta Gorda
9 Februari 1988

Russell,

Dufresne alikuwa mlevi nilipokuwa kocha na sioni kwa nini awe ameacha.

Picha iliingia maji. Niliichukua nikaitengeneze, haikutengenezeka.

Kijana alifariki, ni kweli. Moyo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa, na kitu ambacho hukuambiwa huwezi kukijua. Chuo kilichunguza, karatasi zipo, yakaisha. Sikukwambia kwa sababu hakuna cha kukwambia.

Sasa unisikilize kama kocha, si kama baba. Kura sita hazitakuja mara mbili katika maisha yako. Ligi nzima inakutazama. Daktari kasema kijana ni mzima. Printup acheze. Ukianza kumtoa mchezaji kwa sababu ya theluji na macho yako mabovu, kesho utamtoa golikipa kwa sababu umeota. Watakucheka hadi Maryland. Acheze, nasema. Ningekuwa mimi ningemchezesha.

Lala mapema. Punguza kahawa.

M. Haverty

Huyo anasimama upande gani wa Printup? Ni kushoto?


Ellery Falls
14 Februari 1988

Baba,

Ni kushoto. Umejuaje?

Mstari ule wa mwisho nimeutazama sana. Herufi zako zinapanda na kushuka, wakati siku zote unaandika kama mtu anayepiga mistari ya uwanja. Uliuandika baada ya kutia sahihi, labda ulishasimama kwenda posta ukarudi.

Nikueleze ya jana. Tulicheza mechi ya majaribio na Crandall, saa sita mchana, jua limetoka, hakuna theluji inayoanguka, kwa hiyo usinitajie theluji. Kipindi cha pili mwamuzi akapuliza kipenga akasimamisha mchezo. "Ellery, mmezidi. Mko kumi na mmoja." Nikamwambia hapana, tuko kumi. Akahesabu kwa kidole, taratibu, mbele ya watu wote. Kumi na mmoja. Kocha wa Crandall naye akapiga kelele, "Haverty, kura sita hazikutoshi, unataka na mtu wa ziada?" Watu wakacheka. Mwamuzi akahesabu tena ili anipe adhabu. Kumi.

Akabaki amesimama na kidole chake hewani. Alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule asiye na namba kaenda wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Kapita hapa. Kaniomba radhi kwa kunipiga kikumbo." Mwamuzi yule ana umri wa kuwa babu wa mtu. Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki.

Mchezo uliporudi, Ansel alipokea mpira, akamlamba chenga beki wa kwanza, na wa pili, kisha akapiga goti moja chini. Hakuna aliyemgusa. Alikaa hivyo kidogo, akainuka, akanionyesha dole gumba. Baadaye nikamwita pembeni.

"Ulipiga goti kwa nini?"

"Kamba ya kiatu, kocha."

"Viatu vyako vina mikanda ya kubandika. Havifungwi."

Akatazama viatu vyake. "Basi nilikuwa nasali mtupe chakula kizuri." Lakini hakunitazama usoni.

Imebaki wiki mbili tufungue msimu na Stanhope. Mkuu wa Chuo anataka Ansel acheze, gazeti linataka, yeye mwenyewe anataka kuliko wote. Na wewe unataka. Nami nimechoka kuogopa kitu ambacho wewe unakijua na mimi sikijui. Yule kijana anaitwa nani? Alikwambia nini?

Russell


Punta Gorda
18 Februari 1988

Mwanangu,

Anaitwa Wendell Ostrom. Alikuwa na miaka ishirini, kwao Jamestown, baba yake fundi wa samani aliyekuwa amekwisha kufa. Alicheza ushambuliaji wa kushoto. Sijaliandika jina hili tangu mwezi Februari 1959, na sasa nimelazimika kuiweka kalamu chini mara mbili.

Alikuja ofisini kwangu Jumanne. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Kocha, kifua kinanibana nikikimbia." Nikamwambia ni baridi. Alhamisi akaja tena. Alisema hivyohivyo, ila safari hii aliweka mkono pale panapobana ili nielewe. Tulikuwa tumepata kura zote sita wiki mbili kabla, na mimi nilikuwa natembea mjini watu wananivulia kofia. Nikamjibu hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Timu yenye kura sita haibanwi kifua, Ostrom. Wanaobanwa ni wanaotufuata nyuma." Wawili waliokuwa ofisini wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Ijumaa niliwakimbiza mlimani, kisha nikawashusha uwanja wa chini. Akapiga magoti kule karibu na mto. Nilidhani anategea. Nikaanza kumhesabia kwa sauti, kama mwamuzi wa ngumi, moja, mbili, tatu, na wenzake wakacheka kwa sababu kocha anachekesha. Nilifika tisa ndipo alipoanguka kifudifudi. Ukiwahi kuulizwa kimya kikoje, mimi ninakijua.

Chuo kiliniuliza kama aliwahi kulalamika. Nikasema hapana. Mama yake alikuja kuchukua vitu vyake, akaniuliza swali hilohilo, naye nikamwambia hapana, nikiwa nimemshika mikono yote miwili. Wale wawili waliocheka ofisini hawakusema kitu. Mmoja nilimfanya nahodha.

Tulishinda ligi. Mwezi Mei tukapiga picha na kombe. Tulikuwa ishirini na sita. Kwenye picha tuko ishirini na saba. Wote wamevua kofia, isipokuwa mmoja, mstari wa nyuma, kushoto kabisa. Ilitundikwa pale ukutani miaka ishirini na mitano na hakuna aliyehesabu ila mimi. Kila Januari, kura zikitoka, nilikuwa naipita korido ile nikihesabu, nikitumaini nilikosea. Haikuingia maji. Iko hapa kabatini, chini ya mashuka.

Barua yangu iliyopita ilikuwa ya mtu mbaya. Nilikwambia umchezeshe Printup kwa sababu moja tu. Wewe ukimtoa, basi hata mimi ningeweza kumtoa Ostrom. Miaka ishirini na tisa nimejiambia kwamba hakuna kocha duniani ambaye angemtoa.

Mtoe. Usimpeleke kwa huyo daktari wa chuo. Mpeleke mjini kwa daktari wa moyo, ukae naye mpaka wamalize kumpima. Gazeti waache waandike watakavyo.

Nimetuma barua hii kwa njia ya haraka. Ikikufikia yuko uwanjani, usimalize kuisoma.

Merle


Ellery Falls
29 Februari 1988

Nimeshindwa kuandika "mpendwa", kwa hiyo naanza hivi.

Barua ilifika Jumamosi asubuhi. Ilikuwa imebaki wiki moja. Nilimwita Ansel nikamwambia apande gari, tunakwenda Syracuse. Njia nzima alikuwa ananitania, anauliza kama namuuza kwa timu nyingine na kama bei ni nzuri. Hospitali walimpima siku hiyo, wakamlaza, Jumatatu wakampima tena kwa mashine kubwa zaidi. Nyama ya moyo wake imenenepa upande mmoja, amezaliwa hivyo. Daktari mwanamke, mpole, alimwambia waziwazi: anaweza kuishi hadi aote mvi, lakini kukimbia kwa mashindano basi, tangu siku hiyo. Alisema anashangaa amefika Februari.

Mama yake alikuwa amekuja. Alinishika bega akasema asante. Tulipofika kwenye maegesho Ansel alinigeukia.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwetu mchezo huu ni dawa, kocha. Mtu akiugua, wanaume wanamchezea ili apone. Mimi ukininyima ndiyo unaniua. Sasa mimi nitachezewa na nani?" Akalia, kijana mwenye mdomo kama ule, akalia ameegemea gari langu, na mama yake akanifanyia ishara nisogee mbali. "Umeniokoa ili nikae nitazame wenzangu," alisema. Tangu hapo hajasema nami.

Jumamosi Stanhope walitufunga kumi na moja kwa sita, mbele ya wageni wote wa heshima. Gorman alinipa mkono safari hii. Gazeti limeandika kwamba kura zilikosea. Mkuu wa Chuo anasema tutazungumza.

Jambo moja sijamwambia mtu. Bila Ansel tuko thelathini na saba. Jumatano niliwaambia wajipange wawili wawili kurushiana mpira, nikijua kabisa kwamba lazima mmoja abaki bila mwenzake, na nilikuwa nimejiandaa kusimama naye mimi. Hakuna aliyebaki. Jozi zote zilitimia. Nilisikia tok, tok, kule upande wa mto. Sikwenda kutazama ni nani anayerushiana na nani.

Sijui bado nikuite nani. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kwamba mchezaji akidondosha mpira anauokota mwenyewe. Dada yake Ostrom yuko hai, anaitwa Ingrid, anaishi bado Jamestown, nyumba ileile. Anwani nimeiweka humu. Mwandikie, au usinijibu.

Russell


Jamestown, New York
17 Machi 1988

Bwana Haverty,

Nimepokea barua yako. Niliisoma jikoni nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Umeandika kwamba una jambo zito la kunifunulia. Hujanifunulia kitu. Wendell aliandika nyumbani kila Jumatano na kila Jumapili. Barua yake ya Jumatano ilisema kifua kinambana, kwamba amekwambia, na kwamba atakwambia tena kesho yake kwa sababu labda hakueleza vizuri. Ilitufikia Jumamosi. Yeye alikuwa amekufa Ijumaa. Mama alikuja huko chuoni na barua hiyo ndani ya mkoba wake. Alipokuuliza, ulikuwa umemshika mikono, na yeye alikuwa anajua. Alikuwa anangoja useme tu.

Alingoja hadi 1979 alipofariki. Hakutaka kukushtaki. Niligombana naye sana kwa hilo. Alisema mtu akilazimishwa kusema kweli, anakuwa amesema ya mwenye kumlazimisha. Kila Januari alinunua gazeti la Syracuse, mwanamke asiyejua hata lakrosi inachezwa na watu wangapi, akatafuta kura za makocha. Akishaona chuo kilichowekwa wa kwanza, alilitaja jina lake mezani kabla ya chakula. Alikuwa akisema, "Hao ndio watakaokimbizwa sana mwaka huu." Akawaombea hadi msimu uishe. Alipofariki niliendelea mimi. Mwaka huu nilikuwa nawaombea vijana wa mwanao.

Unaniomba msamaha. Mimi sisamehi kwa posta. Nina miaka hamsini na minane, miguu yangu si mizuri, wewe una pesa ya uzeeni na basi la kutoka Florida lipo. Njoo uniambie nikiwa nakutazama. Useme yote uliyosema siku ile, na vicheko pia.

Sina chumba cha kukulaza. Iko nyumba ya wageni mtaa wa pili.

Ingrid Ostrom


Jamestown
6 Aprili 1988

Mwanangu Russell,

Barua yako ya tarehe ishirini na nane ilinikuta nafunga mzigo, nikaisoma ndani ya basi. Nimefurahi hawajakufukuza. Nimefurahi zaidi kwamba Printup amekuja mazoezini akakaa benchi, hata kama kazi yake ni kununa. Anapokaa muda mrefu hivyo, usimsemeshe. Mwache achoke kununa mwenyewe.

Mkuu wa Chuo nimemwandikia kila kitu, na jina langu kamili. Kama watanitoa kwenye ukuta wa makocha, wakusaidie kung'oa msumari.

Nimefika hapa Jumatatu. Siku tatu ndani ya basi, na mtu wa kiti cha pili alikuwa anaimba, ashukuriwe Mungu kwa sikio langu. Bi. Ostrom alinifungulia mlango kabla sijagonga. Mwanamke mrefu, nywele fupi, miwani imening'inia kifuani. Hakunikaribisha. Alinitangulia jikoni, akaketi upande mmoja wa meza, akanionyesha kiti. Akasema, "Haya."

Nilisema. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani kama mtoto wa shule, yote yakanitoka, nikasema tu ilivyokuwa. Jumanne, Alhamisi, Ijumaa. Nilipofika kwenye kile nilichomjibu, nilikisema kwa kunong'ona. Akaniambia, kwa sauti kubwa kwa ajili ya sikio, "Sema tena." Nikasema tena. Akaniambia nicheke walivyocheka. Russell, nilicheka. Nimewahi kufanya mambo magumu, lakini kucheka kile kicheko mbele ya yule mwanamke mchana kweupe sijui nilikitoa wapi.

Hakulia. Hakunisamehe pia, kama unangoja hilo. Aliondoka, akaja na kahawa na mkate wa iliki. Nilidhani ni ya kuagana. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitazamia hata kidogo.

"Alikuwa mzuri kweli? Au mlikuwa mnatuambia tu?"

Hawakuwahi kumwona akicheza. Nauli ilikuwa shida, mama yao alikuwa anafua nguo za watu, na msimu wake wa kwanza ulikwisha wakidhani watakwenda msimu wa pili. Kwa miaka yote hii hakuwa na hata bao moja la kukumbuka.

Nikamwambia alikuwa mzuri kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha. Akasema, "Usinipake mafuta. Nieleze." Basi nikaeleza. Nilidhani nitakumbuka mabao mawili matatu. Yalikuja yote, moja likimvuta jingine, hali ya hewa ya siku ile, beki gani, golikipa alianguka upande gani. Nilisimama nikachukua ufagio wake nikamwonyesha jinsi alivyokuwa akiipokea mipira ya juu bila kutazama. Yeye alikaa mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesomewa. Jioni akaniambia niende, kesho nirudi saa nne.

Leo ni siku ya tatu. Mchana nilikuwa namweleza bao la Wyeburn, la mvua, lililotupeleka fainali mwaka wake wa kwanza. Nikasema alizunguka nyuma ya goli, akamzidi beki mbio, akafunga.

Bi. Ostrom akasema, "Hakumzidi mbio. Beki aliteleza kwenye matope. Alimpitia tu."

Ni kweli, beki aliteleza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Haikuandikwa gazetini, mvua iliwakimbiza waandishi. Nikamuuliza, "Wendell aliwaandikia hilo?"

"Hapana," akasema. "Hakupenda kujisifu, wala kujishusha. Mabao hakuyaandika." Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama juu kidogo ya bega langu, mahali pasipo na kitu, mlango wa kabati la vyombo tu. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayesikiliza redio chumba cha pili. Kisha akaniongezea kahawa akasema, "Endelea, Bwana Haverty. Nani alikuwa golini?"

Nimeendelea. Yamebaki mabao kumi na tisa, kwa hesabu yangu, na sijui nitarudi Florida lini. Ila tangu mchana wa leo naeleza polepole zaidi, na sithubutu kuongeza chumvi.

Baba yako,
Merle